gh si git iliyobadilishwa jina

Kila ninapokaa na mtu mbele ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kumwonyesha gh, programu ya GitHub inayotumiwa kwa amri za maandishi, swali la kwanza huwa lilelile: "Kwa hiyo git siihitaji tena?" Unaihitaji. Mkanganyiko mwingi kuhusu chombo hiki unaanzia hapo, kwa kudhani mafundi wawili ni mtu mmoja kwa kuwa umewakuta kiwanja kimoja.

Git inatunza historia ya msimbo. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya waundaji wa kiini cha Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia BitKeeper, chombo cha kibiashara cha kutunza historia ya msimbo, bila malipo. Kazi zake nyingi zinafanyika ndani ya kompyuta yako: komiti (mabadiliko uliyoyahifadhi kwenye historia), matawi (njia tofauti za kazi ileile), kurudi kwenye hali ya juzi, vyote vimo kwenye diski yako. GitHub ni tovuti iliyokuja 2008 kuhifadhi repo, yaani miradi pamoja na historia yake ya git, mtandaoni, kisha ikaongeza mambo ambayo git yenyewe haiyajui, kama vile ishu (taarifa za hitilafu au maombi kuhusu mradi), maoni, na lile ombi la kuunganisha msimbo ambalo wengi tunaliita PR (pull request) tu. Sasa gh, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Septemba 2020, ni tarishi. Anapeleka maneno yako kwa seva za GitHub na kukurudishia majibu.

Ukitaka kuwatofautisha bila maelezo marefu, zima data kisha andika `git log`. Historia itatoka yote. Andika `gh issue list` uone itakavyogoma.

Wakongwe kidogo wana kisingizio. Kabla ya gh kulikuwa na chombo kiitwacho hub, na maelekezo yake yalikuhimiza ukifanye lakabu (jina la badala) ya git, ili kila ukiandika git ujibiwe na hub. Aliyejifunza hivyo ana haki ya kuchanganyikiwa. Waliounda gh waliamua isimame peke yake, na kwangu mimi huo ndio uamuzi bora walioufanya.

"Basi itanifaa na kwa repo zangu za GitLab," ile tovuti nyingine inayofanana na GitHub. Hapana. GitLab ina chake, glab, kilichoanza kama mradi wa mtu binafsi kabla ya GitLab kukichukua rasmi 2022. Amri zinafanana, lakini huyu hapeleki barua za yule.

Dhana nyingine ninayoisikia sana ni kwamba terminali ni hatari: ukikosea herufi moja, repo imekwenda na maji. Jaribu `gh repo delete` leo, kama hujawahi kuitumia. Itakataa. Ruhusa ya kufuta repo haimo kwenye zile unazopewa unapoingia mara ya kwanza. Lazima uiombe mwenyewe kwa `gh auth refresh -s delete_repo`. Hata ukishaipata, utatakiwa kuandika jina la repo kuthibitisha, isipokuwa uwe umeongeza `--yes` kwa mkono wako. Amri ya kuogopa iko kwingine, nayo ni ya git: `git push --force`. Hiyo haikuulizi lolote. Kazi ya mwenzako aliyesukuma komiti zake asubuhi inafunikwa kwenye tawi hilo, na utajua akianza kupiga simu. Kama huna budi, tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa ikiona tawi la mtandaoni limesogea tangu ulipolichungulia mara ya mwisho.

Kuhusu bando, wanaolalamika kwamba linaisha haraka wana nusu ya ukweli. Ukinakili repo kubwa yenye historia ya miaka kumi, unashusha miaka yote kumi. Lakini hulazimiki. `gh repo clone mmiliki/repo -- --depth 1` inaleta hali ya sasa pekee. Zile alama mbili za kistari zinazosimama peke yake ndizo zinazomwambia gh kwamba yanayofuata ni ya git. Na kusoma ishu kwa `gh issue view 42` ni kushusha maandishi matupu, bila picha wala vikorombwezo vya ukurasa. Mimi huzisoma kwenye simu, ndani ya Termux, programu ya terminali ya Android, nikiwa kwenye daladala.

Sasa suala la kuingia, ambalo ndilo linalowaumiza watu. Bado wapo wanaoandika nenosiri lao la GitHub kwenye terminali na kushangaa linakataliwa, wakidhani wamelisahau. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nenosiri la akaunti kwa kazi za git. Ukiandika `gh auth login` na kuchagua kivinjari, utapewa msimbo mfupi wa kuthibitisha, utauingiza kwenye ukurasa wa GitHub, na gh itapewa tokeni, ufunguo wa siri unaotumika badala ya nenosiri. Ukichagua HTTPS, njiani itakuuliza kama git nayo itumie utambulisho huohuo. Wengi hujibu hapana bila kusoma, kisha `git push` inawasumbua wiki nzima.

Tokeni hiyo hutunzwa kwenye kasha la siri la mfumo wa kompyuta. Kama kasha halipo, inaandikwa waziwazi kwenye faili `hosts.yml`, na yeyote mwenye kufungua faili zako ataisoma.

Kijana mmoja niliyekuwa namwelekeza aliingia kwa kompyuta ya maabara inayotumiwa na kila mtu, akamaliza kazi, akaandika `gh auth logout`, akaondoka na amani. Alidhani ameua tokeni. Amri hiyo inaiondoa tu kwenye kompyuta ile. Huko GitHub tokeni inabaki hai, na kama kuna aliyeinakili kabla (`gh auth token` huichapisha yote kwenye skrini) anaweza kuendelea kuitumia. Tulifungua mipangilio ya akaunti yake, kwenye orodha ya programu alizoziidhinisha, tukaitafuta GitHub CLI na kuifutia idhini. Hatua hiyo iliitoa gh kwenye kompyuta zake zote, hata ya nyumbani, kwa hiyo jioni akaingia upya. Ilimchukua dakika mbili, na safari hii alipoulizwa kuhusu git alijibu ndiyo.