Si kila jaji wa Marekani huteuliwa na Rais

Wengi huamini kwamba majaji wote wa Marekani huteuliwa na Rais. Rais huteua wale wa mahakama za shirikisho, tena kwa idhini ya Seneti. Majimbo yana taratibu zake. California ina kaunti 58, na kila moja ina mahakama yake inayosikiliza kesi za talaka hadi mauaji. Majaji wake huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti kwa muhula wa miaka 6, bila kutajwa chama. Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, gavana huteua, na wengi huingia kwa njia hiyo. Jaji aliye madarakani asipopata mpinzani, kwa kawaida jina lake halichapishwi kwenye karatasi ya kura. Naona hapo mwananchi ananyimwa nafasi ya kumpima.