Kigoma hadi Bujumbura kwa ndege: kilomita 178 na tofauti ya saa nzima

Ukitafuta mtandaoni umbali wa Kigoma hadi Bujumbura utaletewa kilomita 178 hivi, yaani maili 96 za baharini. Namba ni sahihi, ila ni ya mstari ulionyooka toka kiwanja hadi kiwanja. Mlima, mpaka na ratiba havimo.

Unaweza kuihakiki kwa kalamu. Kiwanja cha Kigoma kiko nyuzi 4.89 kusini mwa Ikweta, cha Bujumbura 3.32. Tofauti ni 1.57, na kila nyuzi ya latitudo ni kama kilomita 111, hivyo unapata 174. Nne zilizobaki zinatokana na Bujumbura kukaa magharibi kidogo. Mstari huo unapita Gombe, unaambaa na ufuko wa ziwa hadi karibu na Rumonge, kisha unaendelea hadi Bujumbura.

Ndege ya propela inayokwenda kilomita 600 kwa saa ingeumaliza kwa dakika 18. Haiwi hivyo. Inatambaa kwanza chini kuelekea njia ya kurukia, inapanda, na kabla haijatulia juu rubani ameanza kushuka. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa hadi vinaporudishwa, hivyo kwa safari ya moja kwa moja dakika 40 ni makadirio ya haki.

Panapowachanganya wengi ni saa. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo. Ukiondoka Kigoma saa 4:00 asubuhi, unafika Bujumbura saa 3:40 asubuhi. Kwenye tiketi inasomeka 10:00 na 09:40, na abiria anadhani wamekosea kuchapa. Ukirudi, dakika zilezile 40 zitaonekana kama saa 1 na dakika 40.

Na jua, kusema kweli, liko upande wa Warundi. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, lakini Kigoma iko karibu na 30, ambayo ndiyo ya saa ya Burundi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, ndiyo maana Kigoma jua la utosi linafika saa 7 mchana, si saa 6.

Siku isiyo na ndege ya moja kwa moja, hesabu inageuka kabisa. Kupitia Dar es Salaam unakwenda kilomita 1,080 mashariki, kisha unarudi 1,165 magharibi: zaidi ya 2,200 kwa mji ulio kilomita 178 kutoka kwako. Ongeza kusubiri kuunganisha ndege. Kwa mwenye mzigo mdogo, gari la kupitia mpaka wa Manyovu linaweza kumfikisha siku hiyohiyo, na kwa nauli ndogo zaidi.