Kabla hujachomeka: umeme wa Bukavu na kompyuta yako

Mvua za mwezi wa kumi zikishika, meza yetu ya matengenezo hujaa. Kitengo chetu hapa chuoni hupokea kompyuta mpakato za wanafunzi, za walimu na hata za majirani, na kila mwaka naona jambo lile lile: nyingi ya zinazoletwa zikiwa zimekufa zilikuwa nzima jana yake, zimechomekwa ukutani, mwenyewe amelala.

Msimu uliopita mwanafunzi mmoja alileta mashine yake imefungwa ndani ya kitenge. TFC yake, yaani kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, yote ilikuwa humo, na alikuwa amebakiza wiki mbili kuiwasilisha. Nilipofungua chaja, harufu ya plastiki iliyoungua ilijaza chumba. Ndani yake kulikuwa na kidude cha bluu, cha mviringo kama kifungo cha koti, kimepasuka katikati, na masizi yamepaka kasha lote. Kile kidude kimewekwa pale kumeza umeme unaozidi. Kilimeza mpaka kikashindwa, na kilichobaki kikapita hadi kwenye bodi ya mashine. Bodi hatukuweza kuiokoa. Diski tuliitoa, tukaiunga kwenye mashine nyingine, na kazi yake akaikuta.

Tunaishi mahali pa radi. Mwaka 2016 watafiti waliochambua data za satelaiti za miaka 16 walipanga sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili ilikuwa Kabare, hapa hapa mlangoni petu, yenye wastani wa miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Na si lazima radi ipige paa lako. Ikipiga karibu na nguzo, pigo husafiri ndani ya waya mpaka kwenye prizi yako, na hupita vile vile kwenye waya wa antena na wa intaneti. Kwa hiyo chomoa vyote mapema, ngurumo ikiwa bado inasikika kwa mbali ng'ambo ya Ziwa Kivu. Ikishafika juu ya nyumba usiguse prizi tena. Mashine hununuliwa nyingine, uhai haununuliwi.

Watu huniambia, "Lakini ralonji yangu ina taa nyekundu, ina kinga." Ralonji ni ule waya wa kurefusha wenye prizi nyingi. Taa ile inaonyesha tu kwamba umeme upo. Ralonji yenye kinga ya kweli ina kidude kama kile cha bluu, nacho huchakaa kila kinapopokea pigo, tena hufanya kazi yake kikamilifu pale tu penye waya wa ardhi. Nyumba nyingi za mji wetu hazina waya huo. Ukigusa mashine yenye bati ukasikia vidole vinawasha kidogo wakati inachaji, hiyo ndiyo dalili yake.

Kuna adui mwingine ambaye huua mashine nyingi kwa mpigo, na wachache wanamjua. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, hufika mtaani kwa waya nne: tatu za fezi, zinazoleta umeme, na mmoja wa nyutro, unaourudisha. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 220, ndizo zinazoingia nyumbani kwako. Kati ya fezi na fezi kuna volti 380. Nyutro ikikatika, kwa mfano tawi limeiangukia, au kiungo kimelegea kwa kuungwaungwa, nyumba za mtaa huanza kugawana zile 380 bila mpangilio. Huyu anapata 120, yule anapata 300 na zaidi. Ndiyo maana usiku mwingine mtaa mzima huamka unalilia friji, televisheni na chaja. Dalili huonekana kwa macho: balbu ya kizamani inang'aa kupita kawaida, au inafifia huku ya jirani ikiwaka kama jua. Taa za LED huficha dalili hiyo, lakini utasikia friji ikinguruma tofauti. Ukiona hivyo, teremsha disjonkta, yaani swichi kuu ya nyumba nzima, kwanza, halafu ndipo utoke uulize majirani.

Hata siku ya kawaida, umeme ukikatika chomoa chaja, na ukirudi subiri kama dakika kumi. Zile dakika za kwanza pasi, majiko na friji za mtaa mzima huamka pamoja, na volti hupanda na kushuka. Kompyuta mpakato ina bahati ambayo friji haina, kwani ina betri. Ichaji umeme ukiwa umetulia, kisha chomoa ufanye kazi. Wakati inatumia betri, lolote litokee kwenye nguzo, halikugusi.

Sasa chaja yenyewe. Igeuze usome maandishi madogo. Mahali pa "Input" utaona 100–240 V, yaani inakubali umeme wetu. Mahali pa "Output" utaona kwa mfano 19 V na 3.42 A. Zidisha, unapata kama wati 65. Ukitafuta nyingine sokoni Kadutu, volti lazima zifanane; ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Zile chaja mpya za USB-C hupatana na mashine kuhusu volti zenyewe, kwa hiyo pale angalia wati tu. Kisha ipime mkononi. Chaja ya wati 65 yenye vipuri vyake vyote ina uzito wa kusikika. Nimepasua za bei ya chini zilizo nyepesi kama kiberiti, nikakuta waya wa volti 220 umelala karibu sana na ule unaoingia kwenye mashine, bila kizuizi chochote katikati. Chaja ya namna hiyo katika nyumba ya mbao inanitia hofu kweli, kwa maana sisi sote tunajua jinsi moto unavyokimbia Bukavu. Na yule anayekata pini ya tatu ili plagi iingie ameondoa njia pekee ya umeme kukimbilia ardhini. Nunua adapta.

Usiku wetu ni wa baridi, na wanafunzi wengi husoma kitandani, mashine imekaa juu ya blanketi. Matundu ya hewa yako chini. Juzi tu nilifungua feni ya mashine moja nikatoa kipande cha manyoya kilichoshikana kama sufi ya mto, rangi ile ile ya blanketi la mwenyewe. Weka ubao, sinia, hata daftari gumu chini yake. Ukiisafisha kwa kupuliza hewa, zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, la sivyo utaharibu mhimili wake.

Usipande na motari, yaani pikipiki ya abiria, mashine ikiwa imelala tu na kifuniko kimefungwa. Izime kabisa. Nyingi za zile za zamani zina diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mashimo ya barabara yetu yanatosha kuifanya sindano iikwaruze. Hata isiyo na diski hiyo inaweza kuamka ndani ya mkoba na kujipika.

Chai ikimwagika: chomoa, bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka izime, toa betri kama inatoka, ifungue uigeuze kama hema, kibodi ikitazama chini. Mchele haufyonzi chai iliyoingia kwenye bodi, na unga wake huziba matundu. Sukari hubaki hata maji yakikauka, kwa hiyo lete isafishwe kwa spiriti ya fundi kabla hujajaribu kuiwasha.

Nimalizie na betri iliyovimba, kwa sababu wiki hii mama mmoja muuza vitenge alileta mashine ambayo kifuniko hakifungiki na kile kibao cha kuchezea kidole kimenyanyuka. Alikuwa anakikandamiza kila asubuhi kwa kiganja ili kibonyee. Ile ni gesi imejaa ndani ya betri ya lithiamu. Usikandamize, usitoboe, usichaji hata mara moja zaidi. Izime, iweke nje ya chumba cha kulala, juu ya saruji, mbali na nguo. Wala usiitupe kwenye takataka au ziwani. Tunazipokea bure; ziba vichwa vya waya kwa utepe wa gundi, uniletee ukiwa umeishika bapa. Ile ya mama sasa iko ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga, uani, chini ya paa, pamoja na nyingine nne.