Je, wajua jinsi paa wa Unguja alivyoingia kwenye vitabu vya hadithi vya watoto wa Uingereza?

Mwaka 1901, mwaka uleule aliofariki Malkia Victoria, kilitoka London kitabu cha hadithi za watoto chenye jalada la rangi ya urujuani. Mhariri wake alikuwa Andrew Lang, Mskoti aliyejulikana sana kwa vitabu vya aina hiyo. Ndani yake, katikati ya hadithi za Urusi, Japani, Estonia na Romania, mna hadithi ya fukara mmoja na paa wake. Hadithi hiyo ilisimuliwa Unguja, kwa Kiswahili, miaka zaidi ya thelathini kabla ya hapo. Ilifikaje huko? Na kwa nini Waingereza waliitaka?

Kwanza hadithi yenyewe. Hamdani amefilisika hadi anachakura jaani kama kuku, akitafuta punje za kula. Siku moja anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa huyo anajua kusema. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali na kumwambia ni zawadi ya bwana wake, ambaye sasa anamwita Sultani Darai, anayetaka kuposa binti yake. Kisha anampeleka Hamdani mtoni na kutangaza kwamba wanyang'anyi wamemvua nguo zote, ili sultani amvike za kifalme. Mwisho anamuua joka la vichwa saba, na jumba la joka linakuwa la bwana wake.

Aliyewahi kusikia kisa cha paka mwenye mabuti, alichokichapisha Charles Perrault kule Ufaransa mwaka 1697, ataitambua njia hii mara moja. Paka naye anampeleka bwana wake mtoni, naye anamwangamiza zimwi ili bwana apate kasri. Ila kisa cha Perrault kinaishia kwenye raha: bwana ameoa binti mfalme, na paka amekuwa mheshimiwa asiyewinda tena panya ila kwa kujifurahisha.

Hapo ndipo Waingereza wa enzi ya Victoria waliposumbuka. Walizipenda mno hadithi hizi. Za ndugu Grimm wa Ujerumani zilikuwa zimetafsiriwa kwa Kiingereza tangu 1823, za Andersen wa Denmark zikafuata mwaka 1846. Lakini wengi waliuliza: mtoto anajifunza nini hapa? George Cruikshank, mchoraji mashuhuri aliyeacha pombe na kuwa mpinzani wake mkubwa, alianza mwaka 1853 kuziandika upya hadithi za zamani na kupachika humo mahubiri dhidi ya ulevi. Charles Dickens, rafiki yake, alikasirika akamjibu gazetini mwaka huohuo: ziacheni hadithi kama zilivyo. Cruikshank hakusikia. Mwaka 1864 alimfikia paka wa mabuti, akalalamika kwamba kisa kizima ni mfululizo wa uongo unaolipwa utajiri, akakibadilisha.

Mwaka huohuo wa 1864 Edward Steere alishuka Unguja. Alikuwa kasisi Mwingereza aliyesomea sheria, amekuja na UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati. Baadaye akawa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Alitaka kukijua Kiswahili kama wenyewe wanavyokisema, kwa hiyo aliwasikiliza watu wa mjini wakisimulia na kuandika maneno yao. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Kisa cha Sultani Darai kimo humo.

Lang alikisoma. Alikuwa mtu wa kulinganisha hadithi za mataifa, na mwaka 1888, alipotoa upya hadithi za Perrault pamoja na utangulizi mrefu, alieleza kwamba kisa cha Unguja kina kitu ambacho cha Perrault hakina, yaani funzo lililo ndani ya hadithi yenyewe. Kile ambacho Cruikshank alihangaika kukitia kwa nguvu, msimulizi wa Unguja alikuwa nacho tayari.

Kwa sababu kisa cha paa hakiishii kwenye harusi. Paa anaugua. Anamtuma kizee kwa bwana amweleze kwamba viungo vyote vinamuuma. Bwana anajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu. Mkewe anashtuka: mtama ambao hata farasi hali? Bwana anamkaripia, mchele ni wa watu. Kizee anakwenda na kurudi, na kila mara jibu ni la kiburi zaidi, hata paa anakufa kwa uchungu na kutupwa kisimani. Watu wote wa mji wanamlilia. Kisha mke anaota yuko kwa baba yake, anaamka na kujikuta yuko huko. Bwana anaota anachakura jaani, anaamka, naye yumo jaani.

Lang aliona hapo funzo la shukrani. Mimi naona zaidi ya hilo. Wakati Steere alipokuwa akiandika, watu walikuwa bado wakiuzwa hadharani Mkunazini. Soko lilifungwa mwaka 1873. Wasikilizaji wa mji ule walijua maana ya kiumbe aliyenunuliwa kwa fedha, akamfanya bwana wake awe mtu mbele za watu, kisha akaugua. Ndiyo maana msimulizi anakaa sana kwenye uji ule wa mtama, na harusi anaipita haraka.

Paa hakusafiri peke yake. Katika kitabu hichohicho cha 1901 wamo pia Hasibu na mfalme wa nyoka, na Nunda mla watu, kile kisa ambamo kijana kila akiua mnyama humwimbia mama yake kumuuliza kama ndiye Nunda, na mama humjibu siye. Mwaka 1910, katika kitabu kingine cha Lang, wakafuata kima na papa. Kazi kubwa ya kuziandika hadithi hizo kwa ajili ya watoto ilifanywa na Leonora, mke wa Lang, ingawa jina kubwa jaladani ni la mumewe, na Lang mwenyewe alikiri hivyo.

Watoto wa Kiingereza walisoma kwamba hadithi hizi zimetoka kwenye kitabu cha Steere. Waliozisimulia hawakutajwa. Lakini maneno yao yamo bado katika kitabu cha 1870, ambacho muda wake wa hakimiliki umekwisha, na Kiswahili chake cha Unguja cha miaka ya 1860 kinasomeka bila taabu. Anayetaka kumjua paa huyu aanze na ukurasa wa Kiswahili.