Je, wajua kwa nini kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba lakini watoto wako darasani?

Ingia ofisi ya mwalimu mkuu kwenye shule nyingi tu za msingi za serikali hapa Dar, iwe Temeke, Buguruni au Mbagala, angalia ile ratiba kubwa iliyobandikwa ukutani, utakikuta kipindi cha michezo kimeandikwa vizuri kwa maka peni ya rangi, mara nyingi mwisho wa siku. Sasa toka ukachungulie darasa lenyewe muda huohuo. Ubaoni kuna hisabati za marudio na watoto wameinamia madaftari.

Wengi hapo wanasema aah, walimu wakuu hawapendi michezo. Si kweli. Ukikaa nao utasikia wanavyoisifia, inachangamsha akili, inapunguza utoro, inaibua vipaji, na wanaongea kutoka moyoni kabisa. Sasa kama wanaipenda, mbona kipindi kinafia mikononi mwao?

Jibu liko kwenye kile wanachoulizwa na walio juu yao. Afisa elimu kata akija, au wilaya wakiitisha kikao, swali ni ufaulu wa darasa la nne na la saba basi, hakuna anayeuliza wiki hii watoto wangapi wamekimbia. Ulipokuja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013 shule zikaanza kupangwa rasmi kwa ufaulu na kupewa rangi, kijani, njano, nyekundu, na japo Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule bora Januari 2023, presha huku chini haijaisha, manake kila halmashauri inajua shule zake zimekaa wapi na mwalimu mkuu anajua fika kwamba akiburuza mkia anaweza kuvuliwa ukuu. Michezo haimo kwenye mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo kikihitajika kipindi cha kukopa kinakopwa hichohicho, na hakirudishwi.

Na ukitaka kuthibitisha kwamba tatizo sio mapenzi, subiri msimu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi (sekondari wana UMISSETA). Mwalimu mkuu yuleyule aliyekuwa hana hata mpira mmoja anahangaika na jezi, anapigia wadau simu, anaruhusu watoto watoke darasani wakafanye mazoezi, kwa sababu sasa kuna kombe, kuna jina la kata na kuna mkubwa anafuatilia. Hapo ndo panaponiuma mimi. Shule ina watoto elfu moja na zaidi, wanaofaidi ni wale wachache ambao tayari wana vipaji na hata mtaani wanacheza kila jioni. Yule mnene, yule anayeogopa mpira, yule anayechechemea, wote wako nje, na kipindi cha michezo kiliwekwa hasa kwa ajili yao. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na takwimu zao za 2016 zilionyesha asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi.

Wala tusiwabebeshe walimu wakuu peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa waziri wa elimu, mashindano ya shule yalisimamishwa nchi nzima, yakaja kurudi enzi za Kikwete. Kama wizara yenyewe iliwahi kuona michezo ni kitu cha kuweka pembeni, mwalimu mkuu wa Tandale angejifunzia wapi kuona tofauti?

Halafu kuna mambo ya mjini. Watoto wengi, wengine wanaingia kwa zamu asubuhi na mchana, uwanja mmoja unagombaniwa na shule mbili zilizogawanywa ndani ya eneo lilelile, maji ya shida, vyumba vya wasichana kubadilishia nguo hakuna. Mchakamchaka wa asubuhi tuliokua nao sisi umepotea shule nyingi. Mtoto ana sare moja, akirudi nayo imejaa vumbi mama analalamika, na akivunjika mkono anayefuatwa ofisini ni mwalimu mkuu. Hela nayo, tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 ruzuku ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na sehemu yake inakatwa ya vitabu, sasa inayobaki inunue chaki, ikarabati, igharamie mitihani, mpira utaukuta mkiani kabisa. Hata akipatikana mwalimu aliyesomea michezo, tuseme katoka chuo cha ualimu Butimba, anaweza kufika akapewa hisabati kwa sababu walimu hawatoshi.

Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo, na mimi nina matumaini nalo, ila hofu yangu ni lifundishwe kwa daftari, mtoto anakariri faida tano za michezo akiwa amekaa kwenye dawati. Somo hili halihitaji uwanja wa taifa jamani. Rede inachezeka kwenye kauwanja kadogo, kuruka kamba kunahitaji kamba, mpira wa makaratasi na soksi watoto wanatengeneza wenyewe, na jua likiwa kali kipindi kinaweza kusogezwa asubuhi badala ya saa nane mchana.

Kwa hiyo mzazi, kikao kijacho cha shule usiulize ufaulu tu. Uliza darasa la mwanao lina michezo siku gani, nani anaifundisha, na wiki iliyopita walicheza nini. Waulizeni na maafisa elimu hivyohivyo, manake mwalimu mkuu anakipigania kile anachojua ataulizwa.