Je, wajua kwa nini bakapu (nakala ya akiba ya data) ya kwanza inachukua masaa, ya pili inaisha fasta?

Kama umewahi kuendesha databezi ya kutafutia kwenye klaudi, hizi Elasticsearch na OpenSearch ambazo kampuni inakutunzia seva we unalipia tu, lazima hili limekukuta. Siku ya kwanza unapiga bakapu ya giga mia tano, unakaa unaitazama mpaka macho yanauma. Kesho yake unapiga tena, data zote zipo na nyingine zimeongezeka, na inaisha hata hujanyoosha mgongo. Mimi mara ya kwanza nilijua imefeli kimya kimya, nikairudia, ikaisha haraka zaidi, ndo nikaogopa kabisa.

Haijafeli. Imekopi vitu vipya tu. Sawa, lakini hapo ndo swali gumu linapokuja: kama ya pili imechukua vipya peke yake, siku nikifuta ile ya kwanza ili bili ya hifadhi ipungue, hii ya pili si itabaki nusu? Haibaki nusu, inabaki nzima kabisa, na kuelewa kwa nini itabidi tushuke chini kidogo.

Elasticsearch ilitoka 2010, OpenSearch ni tawi ambalo Amazon walilichepusha kutoka humo 2021 baada ya mvutano wa leseni, ila zote mbili kule ndani zinatumia injini moja inaitwa Lucene, ambayo Doug Cutting alianza kuiandika 1999. Lucene ina tabia moja ya ajabu: haibadilishi ilichokwisha kuandika. Data zinaingia kwenye mafungu ya faili yanayoitwa segmenti, na segmenti ikishaandikwa ndo basi, haiguswi tena. Ukiapdeti dokumenti (yani rekodi moja ya data), haiendi kufuta maneno ya zamani, inaandika dokumenti nzima upya kwenye segmenti mpya, alafu ile ya zamani inawekewa alama pembeni kwamba hii imekufa msiihesabu. Segmenti zikizidi kuwa nyingi, injini inachukua kadhaa inaziunganisha kuwa moja kubwa, maiti zinatupwa hapo, na zile ndogo zinaondolewa.

Sasa chukua mfano mdogo. Saa nne asubuhi indeksi yako (mkusanyiko wa dokumenti, kama jedwali) ina segmenti tatu, A, B na C. Unapiga snapshoti (bakapu kwenye databezi hizi inaitwa hivyo), ghala lako (pale bakapu zinapohifadhiwa) halina kitu, kwa hiyo zinapanda zote tatu. Baadae injini inaunganisha B na C kuwa D. Saa tano unapiga snapshoti ya pili: inakuta A tayari iko ghalani, na kwa vile segmenti hazibadiliki hamna haja hata ya kuichungulia ndani, inaandika tu kwenye orodha yake "A ipo", alafu inapandisha D. Orodha ya saa nne inasema A, B, C. Orodha ya saa tano inasema A, D. Ukifuta snapshoti ya saa nne, mfumo unauliza kila faili: kuna mwingine anakuhitaji? B na C hazina mwenyewe, zinafutwa. A bado inatajwa na ya saa tano, inabaki. Yani hakuna snapshoti mama na snapshoti mtoto, kila moja imekamilika yenyewe, wanachangia tu faili.

Ukishaelewa hapo mambo mengi ambayo huwa yanaonekana kama uchawi yanajieleza yenyewe. Mfano kuna watu kabla ya bakapu wanalazimisha indeksi nzima iunganishwe kuwa segmenti moja, eti iwe nyepesi. Kwenye indeksi ambayo haiandikwi tena sawa, lakini kwenye indeksi hai umetengeneza faili jipya kubwa ambalo ghala halijawahi kuliona, kwa hiyo snapshoti inayofuata inapandisha kila kitu upya, yale masaa yanarudi na we ndo umeyaita.

Jingine ni wale wanaoingia ghalani kwa mkono. Snapshoti zako mwenyewe kwa Amazon zinakaa kwenye ndoo ya S3 (hifadhi ya faili ya Amazon), na mtu akiona faili la miaka miwili iliyopita anasema hili zee, futa, au anaweka sheria kwamba kikifika siku tisini kihamishiwe hifadhi ya baridi ya Glacier. Usifanye hivyo jamani. Umri wa faili hapa hauna maana yoyote, ile A yetu inaweza kuwa na miaka miwili na snapshoti ya leo asubuhi bado inaitegemea. Ufutaji wote upitie kwenye databezi yenyewe, maana ndo inayojua nani anamtegemea nani.

Na kukopi tu folda la data kwenye disiki? Kwenye huduma ya kutunziwa disiki huioni hata, lakini hata ungeiona, wakati unakopi A injini iko bize inazaa D na kuiua B, utapata mchanganyiko wa nyakati tofauti. Ubaya wake zaidi, unaweza kuurudisha ukawaka vizuri kumbe kuna data zimeyeyuka na hakuna aliyekwambia.

Kuna wanaosema mi nina replika mbili (nakala hai za data kwenye seva nyingine), bakapu ya nini. Replika inakusaidia seva ikifa. Haikusaidii wewe ukikosea, kwa sababu amri ya kufuta inafika kwa replika zote kwa utiifu mkubwa. Niliwahi kufuta indeksi kwa kutumia ile nyota (*) inayoshika kila jina linalofanana, nikidhani inashika za majaribio tu kumbe imeshika na za kazi, na replika zote zikatii bila kinyongo. Elasticsearch kuanzia toleo la 8 inakataa kufuta kwa nyota mpaka ubadilishe mpangilio mwenyewe, nadhani tulikuwa wengi.

Uzuri wa klaudi ni kwamba bakapu zinapigwa bila wewe kugusa. Elastic Cloud inapiga kila nusu saa. Amazon OpenSearch inapiga kila saa na kutunza mpaka 336, yani saa 24 mara siku 14, na hizo hulipii hifadhi. Ila zile za Amazon ni za kuokoa klasta (kundi la seva zako) yenyewe tu, ukitaka kuhama nazo kwenda klasta nyingine lazima upige zako kwenye ndoo yako, na hapo utapambana na ruhusa mpaka ujute: kuna roli ya IAM (mfumo wa Amazon wa kugawa ruhusa), kuna ruhusa ya kuikabidhi hiyo roli, na ombi lenyewe lazima liwe na saini. Na kuna mtego mmoja. Klasta ikiwa nyekundu, maana yake kuna kipande cha data hakina mwenye kukibeba, bakapu za kila saa zinafeli zote, huku zile nzuri za zamani zinaendelea kuzeeka. Ukikaa wiki mbili bila kurekebisha, nzuri ya mwisho nayo inaondoka. Taa nyekundu sio ya kuisikilizia mpaka Jumatatu ijayo.

Kurestoa sasa, yani kurudisha data kutoka kwenye bakapu. Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu anakutana nalo ni kwamba inakataa, inasema indeksi yenye jina hilo ipo na iko wazi. Unaweza kuifuta au kuifunga kwanza, lakini mi napenda kuirudisha kwa jina lingine, naikagua, nahesabu dokumenti, alafu nahamisha aliasi (jina la pembeni linaloelekeza kwenye indeksi) ili watumiaji waangukie kwenye hiyo mpya bila kujua kilichotokea. Usirudishe na zile indeksi za mfumo zinazoanza na nukta, kama .kibana, zitagongana na zilizopo. Kitu kingine, kwa kuwa unarudisha segmenti kama zilivyo bila kuindeksi upya, toleo linahusika: indeksi iliyozaliwa kwenye Elasticsearch 6 inaingia kwenye 7, ila 8 kwa kawaida itaikataa. Snapshoti ya zamani uliyoitunza kwa upendo inaweza isiwe na pa kushukia.

Na swali la mwisho, snapshoti ya saa nne inaonyesha data za saa nne kamili? Hapana, sio sawasawa. Kila kipande cha indeksi kinapigwa kwa wakati wake, popote kati ya kuanza na kumaliza, kwa hiyo kimoja kinaweza kuwa na ya saa nne na dakika mbili na mwenzake ya saa nne na kumi. Ndo maana ukishairudisha na unataka kujazia yaliyokosekana kutoka kwenye databezi kuu, unaanzia muda snapshoti ilipoanza, sio ilipoisha. Baadhi ya dokumenti zitaandikwa mara mbili, lakini kama umezipa ID zako mwenyewe haidhuru, mpya inakaa juu ya ya zamani kwa namba ile ile. Kama uliiachia databezi ijitungie ID, hapo utapata mapacha.