Soseji ya Goa: yanayosemwa na ukweli wake

"Ni soseji ya Wareno, imehamia India tu."
Jina lilihama kweli: chouriço kwa Kireno, choris kwa Kikonkani. Wareno waliiteka Goa, iliyo pwani ya magharibi ya India, mwaka 1510 wakaitawala hadi 1961, na walikuja na ujuzi wa kuihifadhi nyama ya nguruwe kwa mvinyo, kitunguu saumu na moshi. (Hata neno letu "mvinyo" tumelitoa kwao.) Goa haikuwa nchi ya zabibu bali ya minazi, kwa hiyo siki ya tembo la mnazi ikashika nafasi ya mvinyo. Kisha ikaingia pilipili, iliyotoka Amerika kwa merikebu za Wareno hao hao, pamoja na manjano, bizari nyembamba, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Ya Ureno inanukia moshi. Ya Goa ni chachu kwanza, kali baadaye.

"Wekundu ule ni ukali."
Wekundu ni wa pilipili kavu za Kashmiri, ambazo rangi yake imezidi ukali wake. Kilo moja ya nyama hula 25 hadi 30.

"Nyama isagwe, ndiyo soseji."
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nyama hukatwa kwa kisu, vipande vya sentimita 1 hivi, mafuta yakiwa kama theluthi. Ikisagwa, mafuta hupakaa kila mahali na kuzuia maji kutoka. Nje hukauka, ndani hubaki mbichi na kuoza. Baada ya kukatwa hutiwa chumvi, vijiko 2 vya mezani kwa kilo, na kugandamizwa kwa kitu kizito usiku kucha ili maji yake yatoke. Yamwage.

Viungo husagwa kwa siki peke yake, mililita 150 hadi 200 kwa kilo. Usiongeze maji, hata ya kusuuzia mashine: yanaidhoofisha siki, na ukungu hupata pa kuanzia. Siki nyeupe ya dukani itafanya kazi, ila inachoma ulimi na kufunika viungo. Ya mnazi ni laini zaidi. Nyama hulala humo siku 2 au 3 kwenye friji, kisha hujazwa kwenye utumbo uliosafishwa na kufungwa kwa uzi vifundo vidogo vidogo mithili ya tasbihi. Udogo huo si urembo: kifundo kidogo hukauka hadi kiini.

"Jua linatosha, popote."
Goa hukausha wakati wa kiangazi, kabla mvua za Juni hazijaanza, kisha vifundo huning'inizwa juu ya jiko la kuni. Anayejaribu Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika atavuna ukungu na utelezi. Afadhali aweke kwenye friza bila kukausha na kuipika kama nyama mbichi. Yenye utelezi au harufu ya kuoza haifai kuoshwa ikaliwa. Itupe.

"Imeshakauka na ina siki, kwa hiyo huliwa hivyo hivyo."
Hapana. Siki na chumvi si za kutegemewa kuua mabuu ya tegu, na nyama ya nguruwe kwetu Afrika Mashariki ina historia nayo. Pika hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi.

"Kaanga kwa mafuta."
Ukianza na mafuta ya moto, kitunguu saumu huungua na kuwa kichungu kabla nyama haijaiva. Weka vifundo kwenye sufuria, maji yavifunike, chemsha moto mdogo dakika 30 hadi 40. Kata nyuzi, vua utumbo, acha maji yakauke. Mafuta mekundu yatatoka yenyewe. Hapo ndipo utie vitunguu maji vingi vilivyokatwa. Usiongeze chumvi. Ikizidi, tia viazi vilivyokatwa vipande, vitanywa sehemu yake. Huliwa ndani ya pao, mkate mdogo laini wa ngano ambao Wagoa wa Nairobi na Zanzibar nao wanaujua, ukipasuliwa katikati ili ufyonze mchuzi wote.